Kalamu Iliyomtajirisha IU

Mkazi wa Seoul anapolipia huduma ya kusikiliza muziki kwenye simu, fedha yake hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mwimbaji. Kwa mgawanyo ulioanza kutumika Korea Kusini mwaka 2019, katika kila won 100 kampuni inayoendesha huduma hubaki na 35. Kampuni iliyogharamia kurekodi wimbo huchukua 48.25. Waliotunga muziki na maneno hugawana 10.5. Zinazobaki ni 6.25 tu, nazo ni za walioimba na waliopiga vyombo, wote kwa pamoja.

Mtu akizitazama hesabu hizo ndipo anapoelewa kwa nini kijana anaweza kuimba wimbo unaopigwa kila duka, kila teksi na kila saluni ya nchi nzima, halafu akabaki bila akiba ya maana. Fungu la mwimbaji ni dogo kuliko yote. Akiwa katika kundi la watu saba au tisa, fungu hilo dogo hukatwa vipande saba au tisa. Anayeandika nyimbo zake mwenyewe ana jambo lingine: anakula kwenye fungu la mwimbaji na anakula tena kwenye fungu la mtunzi.

Lee Ji-eun, mwanamke ambaye dunia inamjua kwa jina la IU, amekula kwenye mafungu yote mawili kwa zaidi ya miaka kumi. Watu wengi wanapozungumzia utajiri wake hutaja matangazo, nyumba na viwanja vilivyofurika mashabiki. Hayo yote yapo, na tutayafikia. Lakini msingi wa mali yake ni uamuzi alioufanya akiwa bado binti mdogo: kujifunza kuandika, na kutokubali kuwa sauti ya kukodiwa.

Alizaliwa Seoul tarehe 16 Mei 1993. Familia ilikuwa na maisha ya kawaida hadi mama yake alipomdhamini ndugu katika mkopo. Mambo ya ndugu yakaharibika, na wadai wakamgeukia mdhamini, kama ilivyo desturi yao popote duniani. Wazazi wakabaki wakihangaika na deni. IU na mdogo wake wa kiume wakahamia kwa bibi yao, aliyekuwa akiuza mapambo ya nywele ili watu wapate kula. Walibanana katika chumba kimoja chenye mende na baridi. Kuna siku chakula kilikuwa viazi tu. IU ameyasimulia haya mara kadhaa kwenye televisheni, bila kulia wala kujitukuza, na Wakorea wengi wa rika la wazazi wake wanamwelewa vizuri, kwa sababu mgogoro wa kiuchumi wa mwaka 1997 ulizimaliza familia nyingi kwa njia hiyohiyo ya dhamana.

Alipoanza kutafuta nafasi ya kuimba alikataliwa katika usaili upatao ishirini. Mmoja ulikuwa wa JYP, kampuni kubwa ambayo mwanzilishi wake, Park Jin-young, ameshaulizwa hadharani mara nyingi iliwezekanaje wakampitia binti huyo na kumwacha. Alikutana pia na matapeli waliojifanya mawakala, wakachukua fedha na kutoweka. Mwaka 2007 kampuni ya LOEN ilimchukua, akafundishwa kwa miezi michache tu. Wenzake wengi katika tasnia hiyo hukaa kwenye mafunzo miaka mitano, sita, hata saba.

Tarehe 18 Septemba 2008, akiwa na miaka 15, alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika kipindi cha muziki cha M Countdown. Wimbo ulikuwa "Lost Child", mzito na wa huzuni, usiofanana na umri wake. Watazamaji walikuwa wamekuja kuwaona nyota wengine. Baadaye alieleza kwamba akiwa katikati ya wimbo alisikia watu wakimzomea na kumtukana, na kwamba ajabu yake, woga ulimtoka palepale.

Wimbo haukuuzika. Kampuni ikambadilishia nguo, ikampa nyimbo nyepesi za kuchangamsha, na hizo nazo hazikufika mbali. Kilichomtoa ni gitaa. Mwaka 2009 alianza kualikwa kwenye vipindi vya redio na televisheni, akiketi kwenye kiti na gitaa mapajani, na kuimba kwa utaratibu vibao vya makundi makubwa ya wakati ule, kama "Sorry Sorry" wa Super Junior na "Gee" wa Girls' Generation. Nyimbo zilizozoeleka kwa midundo mikali na wachezaji wengi zikageuka kuwa za msichana mmoja na nyuzi sita. Video zikasambaa. Watu wakaanza kuuliza ni nani huyu.

Mwaka 2010 aliimba "Nagging" pamoja na Seulong wa kundi la 2AM, na wimbo ukashika chati. Halafu Desemba ya mwaka huo ikatoka "Good Day", muziki wa Lee Min-soo na maneno ya Kim Eana. Karibu na mwisho wake sauti inapanda ngazi tatu mfululizo bila mwimbaji kuvuta pumzi, na nchi nzima ikaanza kushindana kumwiga: watoto shuleni, wachekeshaji kwenye televisheni, wafanyakazi wa ofisini wakiwa kwenye vyumba vya kuimbia. Mwaka 2019 jarida la Billboard liliuweka wimbo huo katika nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya nyimbo 100 bora za pop ya Korea za muongo wa 2010.

Hapo ndipo wengi hubweteka. Alikuwa na miaka 17, vyombo vya habari vilimwita mdogo wa kike wa taifa zima, na kampuni ingeweza kumwandalia "Good Day" nyingine kumi kutoka kwa watunzi hodari. Yeye mwaka 2011 alitoa wimbo wa kwanza alioutunga mwenyewe, "Hold My Hand", uliotumika katika tamthilia. Mwaka huohuo alitangaza kwamba hataomba nafasi chuo kikuu, kwa sababu asingeweza kuhudhuria masomo ipasavyo na hakutaka kuwa mwanafunzi wa jina tu. Katika nchi ambayo siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu ndege huzuiwa kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, uamuzi huo haukuwa mdogo.

Oktoba 2015 ilitoka "Chat-Shire", kazi ya nyimbo saba aliyoisimamia mwenyewe kama mtayarishaji, na maneno yote aliandika yeye. Ndiyo iliyomtambulisha kama mtunzi, na ndiyo iliyomletea dhoruba kubwa kuliko zote. Wimbo wake mmoja, "Zezé", ulimchukua mtoto wa riwaya ya mwandishi wa Brazil José Mauro de Vasconcelos, kitabu kinachopendwa sana Korea, na wasomaji wengi walikasirishwa na namna alivyomchora mtoto huyo wa miaka mitano. Mchapishaji wa kitabu alitoa tamko la kupinga. IU aliomba radhi hadharani. Kalamu inalipa, na pia inamweka mwenye kuishika mbele ya watu: mwimbaji wa nyimbo za wengine angesema alipewa tu maneno aimbe.

Hakuacha kuandika. Ana mfululizo wa nyimbo zinazofuata umri wake kama shajara: "Twenty-Three" mwaka 2015, "Palette" mwaka 2017 alipokuwa na miaka 25 kwa hesabu ya Kikorea, "Eight" mwaka 2020 akishirikiana na Suga wa kundi la BTS, kisha albamu ya "Lilac" mwaka 2021 ya kuaga miaka ya ishirini. Msikilizaji aliyezaliwa naye mwaka mmoja amekua na nyimbo hizo. "Through the Night" ya mwaka 2017, wimbo mtulivu mno ambao mfanyabiashara angesita kuutegemea, ndio uliompa tuzo kuu ya Golden Disc Januari 2018. Siku hiyo hakuishia kwenye ushindi. Jonghyun wa kundi la SHINee, aliyewahi kumtungia wimbo, alikuwa amefariki wiki chache tu kabla. IU alisimama jukwaani akasema kwamba wasanii wanaowafariji wengine wanapaswa kujitunza wao kwanza, wala wasijilazimishe kuonekana wazima huku wakiteseka ndani.

Turudi kwenye fedha. Januari 2016 kampuni ya Kakao ilitangaza kununua asilimia 76.4 ya hisa za LOEN kwa won trilioni 1.87, zaidi ya dola bilioni 1.5. Mali kubwa ya LOEN ilikuwa Melon, huduma iliyokuwa ikiongoza nchini kwa usikilizaji wa muziki mtandaoni. Nyota mkubwa wa LOEN alikuwa IU. Binti aliyekataliwa mara ishirini sasa alikuwa sehemu ya hesabu za biashara kubwa kiasi hicho, na mkataba wake ulipokaribia kufanywa upya kila mtu alitarajia adai kitita cha kusainia.

Alifanya kingine. Katika mahojiano ya televisheni mwaka 2018 alieleza kwamba aliongeza mkataba bila kuchukua fedha ya kusainia. Alichodai ni kwamba watu anaofanya nao kazi wahakikishiwe ajira na waongezwe mishahara. Mwaka 2020 meneja aliyekuwa naye tangu siku za mwanzo, Bae Jong-han, alianzisha kampuni ya EDAM chini ya mwavuli wa Kakao, na IU akahamia huko pamoja na timu yake. Nyota kufanya kazi na watu walewale kwa muda mrefu namna hiyo si jambo la kawaida katika tasnia hii. Historia ya tasnia hiyo imejaa kesi. Mwaka 2009 vijana watatu wa kundi la TVXQ waliishtaki kampuni yao ya SM kwa sababu ya mkataba wa miaka 13, na mwaka huohuo Tume ya Biashara ya Haki ya Korea ikatoa mkataba wa mfano unaoweka ukomo wa miaka saba. Kabla ya hapo mtu angeweza kusaini akiwa mtoto na kumaliza akiwa na familia.

Wasanii wa Korea wanaotajirika hawapiti njia moja. Wengine hutajirishwa na hisa. Agosti 2020 Bang Si-hyuk, mwanzilishi wa kampuni ya BTS, aliwagawia vijana wake saba hisa 68,385 kila mmoja, na Oktoba kampuni hiyo ilipoingia soko la hisa kwa bei ya won 135,000, fungu la kila kijana lilikuwa na thamani ya dola milioni 8 hivi kabla soko halijafunguliwa. Njia ya hakimiliki ni ya polepole zaidi. Mirabaha huingia kidogo kidogo, wimbo hadi wimbo, kila unaposikilizwa, unapopigwa mgahawani, unapoimbwa na mwingine kwenye televisheni. Lakini sheria ya Korea inalinda haki ya mtunzi maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo chake. Hakuna tangazo la biashara lenye mkataba wa namna hiyo.

Matangazo nayo yamemlipa. Mwaka 2014 sura yake iliwekwa kwenye mabango ya Chamisul, pombe ya soju inayouzwa kila kona ya Korea. Aliachia nafasi hiyo mwaka 2018 na kampuni ikamrudisha mwaka 2020. Amekuwa balozi wa Gucci, na tangu mwaka 2022 wa kundi la benki la Woori. Benki huchagua sura kwa uangalifu. Haitaki msanii ambaye kesho atakuwa mahakamani.

Halafu kuna uigizaji, ambao kwa jina lake halisi la Lee Ji-eun amejijengea heshima ya peke yake. Kuna wapenzi wa tamthilia waliomjua kupitia "Moon Lovers" ya mwaka 2016 au "Hotel del Luna" ya mwaka 2019, ambamo anaendesha hoteli ya mizimu, wasijue kabisa kwamba ni mwimbaji. Kazi yake nzito zaidi ni "My Mister" ya mwaka 2018. Anaigiza msichana anayeandamwa na deni huku akimtunza bibi yake mgonjwa. Hacheki, hasemi sana, anatembea kichwa kikiwa chini na kunywa kahawa ya paketi aliyoichukua ofisini badala ya chakula. Aliyejua habari za chumba kile cha mende hakushangaa alivyoiweza nafasi hiyo. Mwaka 2022 alikuwa kwenye filamu "Broker" ya Mjapani Hirokazu Kore-eda, iliyoshindanishwa Cannes, na Machi 2025 Netflix ikatoa "When Life Gives You Tangerines", simulizi ya familia ya kisiwa cha Jeju ambamo anaigiza mama na binti yake pia.

Kuhusu mali inayoshikika, habari za Korea zina faida moja: usajili wa ardhi na majengo uko wazi, na waandishi wanausoma. Ndiyo maana inajulikana kwamba mwaka 2021 alinunua nyumba katika jengo la kifahari la Cheongdam jijini Seoul, lililosanifiwa na Mhispania Rafael Moneo, kwa won bilioni 13, karibu dola milioni 11. Uwazi huohuo ulimuumiza Januari 2019. Alikuwa amenunua jengo la won bilioni 4.6 mjini Gwacheon, na serikali ilipotangaza reli ya mwendo wa kasi kupita huko alituhumiwa kwamba alijua mapema na alilenga kulangua ardhi. Watu walipeleka malalamiko hadi kwenye ukurasa wa Ikulu. Kampuni yake ilikana, ikatoa picha za ndani ya jengo kuonyesha kwamba lilikuwa likitumika kama studio yake, ofisi ya mama yake na mahali pa mazoezi kwa wanamuziki chipukizi, na kusema hana mpango wa kuliuza. Tofauti na usajili huo, zile tarakimu za utajiri wa wasanii zinazozunguka mitandaoni, dola milioni kadhaa kamili bila senti, haziungwi mkono na daftari lolote. Msomaji azipite tu.

Fedha nyingi za msanii mkubwa siku hizi hutoka kwenye maonyesho, na hapo IU ameweka alama zisizokuwa na mfano kwa wanawake wa Korea. Tarehe 17 na 18 Septemba 2022 alikuwa mwimbaji wa kwanza wa kike wa nchi yake kufanya onyesho la peke yake katika uwanja mkuu wa Olimpiki wa Jamsil. Alipaa juu ya watu ndani ya puto huku akiimba, na kila aliyeingia alikuta mto wa kukalia kwenye kiti chake, kwa kuwa maonyesho yake huchukua saa nne au zaidi na viti vya uwanja ni vigumu. Usiku wa pili aliwaambia mashabiki kwamba amekuwa na tatizo la masikio linalompa shida anapoimba. Alitangaza pia kwamba "Good Day" na "Palette" zinatoka kwenye ratiba ya kawaida ya maonyesho yake.

Mwaka 2024 alizunguka miji 18 ya Asia, Ulaya na Marekani, kuanzia Seoul mwezi Machi, akipita London na Berlin, na kumalizia tena Seoul tarehe 21 na 22 Septemba katika uwanja wa Kombe la Dunia. Onyesho la mwisho lilikuwa la 100 kati ya maonyesho yake ya peke yake. Kabla ya siku hizo mbili wakazi wa majengo ya jirani na uwanja walipata mzigo mlangoni: barua ya kuomba radhi kwa kelele zitakazokuja, pamoja na mifuko ya taka. Korea taka za nyumbani hazichukuliwi mpaka ziwekwe kwenye mifuko rasmi ya manispaa ambayo kila kaya hununua. Ilikuwa zawadi ya mtu anayejua nyumba inaendeshwaje.

Kutoa kwake kuna mpangilio uleule wa mambo yanayogusa maisha ya kila siku. Michango mingi huitoa kwa jina la IUAENA, linalounganisha jina lake na la kundi la mashabiki wake. Septemba 2018, akitimiza miaka kumi ya kazi, alitoa won milioni 100, zaidi ya dola 80,000, kwa shirika la watoto la Green Umbrella. Mwaka 2019 jarida la Forbes upande wa Asia lilimtaja miongoni mwa watoaji misaada 30 wa bara hilo, akiwa mdogo kuliko wote kwa umri. Siku ya kuzaliwa kwake Mei 2021 aligawa won milioni 500 kwa mashirika kadhaa. Na Machi 2025, wiki zilezile ambazo tamthilia yake ya Jeju ilikuwa ikitazamwa dunia nzima, moto mkubwa wa misitu uliteketeza vijiji vya kusini-mashariki mwa Korea. Alipeleka won milioni 200, nusu kwa waliounguliwa nyumba na nusu kwa askari wa zimamoto.